Mkwe Wangu, Mchoma Plastiki

Naanza kwa kusema wazi kwamba simsifu mkwe wangu kwa sababu ni mkwe wangu. Wakwe wako wengi duniani, na wengine ukiwataja tu unajiharibia siku. Namsifu kwa sababu ya kazi yake, ambayo mtaani kwetu hakuna anayeielewa. Nikiulizwa mke wa mwanangu anafanya kazi gani, nikajibu kwamba anachoma plastiki, watu hunitazama kwa huruma kana kwamba nimesema anaokota makopo. Vijana wa dukani wamempa jina la Daktari wa Ndoo, na yeye huwaitikia huku akicheka. Mimi sicheki. Kazi hiyo nimeiona kwa macho yangu haya mawili, na leo nitaieleza yote. Anayetaka kucheka atacheka baadaye.

Kwanza mjue kwamba mimi mwenyewe si mgeni wa plastiki. Nimeuza beseni, ndoo, majagi na vikombe vya watoto zaidi ya nusu ya umri wangu, kwenye kibanda cha sokoni kilichopigwa jua asubuhi mpaka jioni. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia amepata mchumba, na kwamba mchumba huyo amesomea plastiki, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamuuliza, "Wanasomea nini humo? Beseni lina siri gani?" Mwanangu ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno ya kuhesabu. Akanijibu, "Utamuuliza mwenyewe, mama."

Nikamuuliza, tena siku ile ile ya kwanza alipoletwa nyumbani. Binti akatazama huku na huku, akaona beseni langu la kufulia limeegemezwa ukutani uani. Akaomba ruhusa ya kulishika. Nikampa. Akaubonyeza ukingo wake kwa kidole gumba, na kipande kikang'oka kama biskuti. Mwanangu akafumba macho. Mimi nikabaki mdomo wazi: ndoa bado, beseni limeshavunjika!

"Hili, mama, limeliwa na jua," akaniambia, bila hata kuona haya. "Na waliolitengeneza walilijaza chokaa ili liwe zito, likuvutie."

Maneno hayo yaliniuma, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wateja wangu, "Pima uzito, dada, pima uzito!" Uzito kwangu ulikuwa ndio uzuri. Kumbe kwa miaka yote nimewauzia watu chokaa kwa bei ya plastiki, na nimeapa juu yake. Wahenga hawakukosea: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usiku huo nilimwambia mwanangu amuoe upesi kabla hajavunja na ndoo.

Mama yake mzazi, ambaye ni mshonaji, alinisimulia baadaye kwamba tabia hiyo ilianza zamani. Akiwa mdogo hakuna kitu cha plastiki kilichokuwa salama mbele yake. Alichoma kitana cha shangazi yake, akachoma kifuniko cha chupa, akachoma ndara za baba yake, mguu mmoja. Si kwa utundu. Alitaka kuona kwa nini moshi mmoja ni mweusi na mwingine mweupe, na kwa nini kitu kimoja kinadondoka kama nta na kingine kinajikunja. Alichapwa kwa ajili ya ndara zile, halafu akauliza kama anaweza kuuchoma na mguu wa pili, kwa kuwa mmoja pekee haumfai tena mtu. Mama yake aliniambia hapo ndipo walipokata shauri kumpeleka shule kwa nguvu zote. Walisema heri alipwe kwa kuchoma kuliko kuwamalizia vyombo.

Sasa analipwa. Anafanya kazi kwenye maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, jengo la ghorofa moja nyuma ya karakana ya matrekta. Chumba chake kina meza ya jiwe ambayo juu yake kuna mizani iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha kioo. Mizani hiyo inaona uzito wa unywele. Akipima, milango hufungwa, feni huzimwa, na mtu akipiga chafya hutazamwa vibaya. Upande wa pili kuna tanuri, lakini usifikirie tanuri la mkate. Ni bomba refu lililolala, jekundu kwa moto ndani, lenye mrija unaotoka kwenye mtungi wa gesi uliofungwa mnyororo ukutani.

Plastiki anayopima si ya beseni. Ni ile nyeusi, pana, inayokuja kwa majora makubwa yasiyonyanyulika bila winchi, ambayo wahandisi huitandika chini ya madampo na mabwawa ya maji machafu. Vipande huunganishwa kwa moto mpaka shimo zima linakuwa kama bakuli moja, ili uchafu usizame ardhini. Taka zikishamwagwa juu yake, basi, hakuna atakayezifukua kwenda kuangalia kama kuna ufa. Na kabla hazijajaa, kingo za bakuli lile hukaa juani miaka mingi. Kwa hiyo plastiki hiyo huchanganywa na masizi, masizi haya haya unayoyajua ya sufuriani, ila safi na laini zaidi. Masizi ndiyo yanayoizuia isiliwe na jua. Yakiwa machache, siku moja itang'oka kama beseni langu, na maji ya taka yatashuka yanakotaka.

Kazi ya mkwe wangu ni kujua masizi yamo kiasi gani. Hukata vipande vidogo, akaviweka kwenye kichombo cha kauri wanachokiita kidau, akapima, akakisukuma ndani ya tanuri huku gesi ya naitrojeni ikipita. Humo ndani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna kinachowaka. Plastiki inageuka moshi na kuondoka, na masizi yanabaki peke yake. Anapoza, anapima. Halafu inakuja hatua ya pili: anakirudisha kidau tanurini bila ile gesi, hewa inaingia, masizi nayo yanaungua. Plastiki ikiwa safi, kidau hutoka karibu kitupu.

"Wengi wanaishia hatua ya kwanza, mama," alinieleza siku moja tukichambua mboga. "Wanaona kilichobaki ni cheusi, wanaandika kwamba yote ni masizi. Chokaa ikichanganyika na masizi nayo inaonekana nyeusi. Bila kuchoma mara ya pili huwezi kuiona."

"Sasa mbona hawachomi?"

"Hatua ya kwanza inapendeza. Kitu kikipendeza nani anataka kukigusa tena?"

Alifanya kazi hiyo kama msaidizi kwa miaka kadhaa, anapima yeye, anasaini mkuu wake. Mkuu wa maabara ni mzee mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni kwa kamba, mwenye haki lakini mgumu kama soli. Mwishowe alimpa mkwe wangu ruhusa ya kusaini majibu mwenyewe. Alimpa kwa sharti, tena mbele ya wenzake: ndani ya mwaka wa kwanza, jibu lake moja likipingwa na likaanguka, saini inarudi kwa mkuu. Mkwe wangu alikubali akiwa na tumbo la miezi minane. Nilimwona alivyorudi nyumbani siku hiyo, anatembea kwa kujirusha kidogo licha ya uzito wote ule.

Mjukuu wangu akazaliwa, msichana, mwenye sauti ya kupiga mnada. Likizo ya uzazi ilipokwisha, tulipata tatizo moja: mtoto alikataa chupa. Tulimjaribu kwa chupa ya kila aina na akazitema zote. Basi tukakubaliana kwamba kila mchana nitampeleka maabara. Mkuu alituruhusu kutumia stoo ya sampuli, chumba kidogo kilicho pembeni ya chumba cha tanuri, kinachotenganishwa nacho kwa dirisha la kioo lenye kijilango cha kupitishia vitu. Humo, kati ya vipande vya plastiki vilivyopangwa kwenye rafu, mjukuu wangu alinyonya. Nami nilikaa naye, nikambadilisha, nikampaka poda, nikamlaza, nikatazama kazi kupitia kioo. Ndivyo nilivyokuja kuyajua yote haya.

Kisha zikaletwa sampuli za dampo jipya. Mji wetu ulikuwa umechimba shimo kubwa juu kwenye mwinuko, na chini ya mwinuko huo ndipo vilipo visima vya mitaa yote ya bondeni. Kampuni iliyopewa kazi ilikuwa imeshaleta majora yake, yamepangwa pembeni ya shimo, yanasubiri jibu la maabara tu. Nilikishika kipande kimoja nikiwa na mtoto begani. Kilikuwa kizito, cheusi, kinang'aa. Nikamwambia mkwe wangu, aliyekuwa ameingia kunyonyesha baada ya kukiacha kidau kipoe ndani ya chupa yake ya mfuniko, "Hawa wameleta mali."

"Mama, uzito huo ndio unaonitia wasiwasi," akasema.

Alipomaliza kunyonyesha alinawa mikono, akarudi, akafanya hatua ya pili. Nilimwona akiinama kwenye mizani, akainuka, akainama tena. Akakibeba kidau kwa koleo akakileta kwenye kioo ili nione. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe.

"Ina chokaa," akasema. "Kati ya kilichobaki mara ya kwanza, masizi hayafiki hata nusu."

"Basi si waende wakapake nyumba," nikamwambia. Hakucheka. Alikata vipande kutoka sampuli nyingine, akarudia, na jibu lilikuwa lile lile. Alisaini kwamba plastiki haifai, akatia tarehe.

Haikupita wiki, kampuni ikapinga. Walimtuma mhandisi wao mwenye mabuti mapya ya kahawia yanayong'aa kuliko kioo cha mizani, na kwa kuwa jina lake halinihusu, mimi nilimwita Bwana Viatu. Alikuja na cheti cha kiwanda kinachosema masizi yamo asilimia mbili na nusu, kama inavyotakiwa, na akataka jibu la mkwe wangu lifutwe. Mkuu akapanga upimaji urudiwe mbele ya wote wanaohusika. Jioni ile mezani mkwe wangu alikuwa anauchokoachokoa ugali wake tu bila kula.

"Unaogopa watakunyang'anya saini?" nikamuuliza.

"Naogopa, mama, sitakudanganya. Nimeitafuta miaka mingi." Akasukuma sahani. "Lakini nikianguka, wiki inayofuata ile plastiki inatandikwa. Nitakuwa napita bondeni naona watu wanachota maji, na mimi najua."

Mwanangu, yule wa maneno ya kuhesabu, akasema, "Sasa usianguke." Nilitaka kumpiga na mwiko, lakini mkewe alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa hiyo nikamwacha.

Siku ya upimaji nilifika mapema, mtoto amelala. Chumba kilikuwa na watu wanne: mkwe wangu, mkuu, Bwana Viatu, na dada mmoja wa idara ya maji aliyevaa viatu vya mvua kwa sababu alikuwa ametokea moja kwa moja kwenye visima. Mimi nilikuwa stoo, kijilango kimeachwa wazi kidogo, nasikia kila neno.

Bwana Viatu hakuanza na plastiki, alianza na mjukuu wangu.

"Nimeambiwa humu analetwa mtoto mchanga," akasema. "Na nilipokuja mara ya kwanza niliona kwa macho yangu unga mweupe begani kwenye koti la huyu mama. Ni poda. Sasa mnisaidie: hatua ya kwanza, kiwanda kinapata mbili na nusu, yeye naye anapata mbili na nusu. Tunalingana. Halafu anakwenda kunyonyesha, anarudi, na ghafla kidau kina unga mweupe. Poda haiungui. Hiyo chokaa imetoka wapi kama si mgongoni mwa mtoto?"

Nilihisi damu inanipanda kichwani. Nilitaka kufungua mlango nikamwambie mambo mawili matatu kuhusu mtu anayemsingizia mtoto asiye na meno. Lakini hasira yangu ilikuwa na woga ndani yake, maana poda ile niliipaka mimi, na mkono wangu hauna ubahili. Mjukuu wangu hutoka mikononi mwangu mweupe kama mandazi kwenye unga. Kama chembe zake zilimfuata mama yake hadi kwenye kidau, basi mimi ndiye niliyeiangusha saini yake. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamshika mtoto kwa nguvu.

Mkuu alimgeukia mkwe wangu. "Unasemaje?"

"Kidau sikigusi kwa mkono, na kilikuwa kimefunikwa," akajibu. "Lakini swali lake ni la haki. Turudie."

"Turudie, ila asitoke humu," akasema Bwana Viatu. "Akienda kwa mtoto, tunaanza upya."

"Sitatoka," akasema mkwe wangu.

Akavaa koti safi lililotoka kwenye mfuko wa dobi, akanawa hadi viwikoni. Akaanza kwa kuchoma vidau vitupu ili kila mtu aone havina kitu. Bwana Viatu mwenyewe akachagua vipande, dada wa maji akashuhudia. Vikakatwa, vikapimwa, vikaingia tanurini. Na hapo ndipo mjukuu wangu alipoamua kuamka.

Sijui kama umewahi kusikia mtoto wa miezi minne mwenye njaa ndani ya chumba kilichojaa plastiki. Sauti inagonga rafu na kurudi. Nilimtikisa, nikampa kidole, nikamtembeza. Niliimba nyimbo zote ninazozijua, na zilipokwisha nikaimba matangazo ya sabuni. Nilijaribu chupa na akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Kupitia kioo nilimwona mama yake amesimama mbele ya tanuri, koleo mkononi, mgongo umenyooka. Hakugeuka. Lakini mwili wa mama hausikilizi amri ya mtu. Mbele ya koti lile safi nikaona alama mbili za maji zikipanuka polepole, maziwa yakimtoka kwa kumsikia mwanawe. Dada wa maji aliziona pia, akatazama sakafuni. Mkwe wangu alikunja koti upande mmoja kuufunika mwingine, akaendelea kutazama saa ya tanuri.

Nitasema ukweli: nililia. Nililia na mjukuu wangu, wawili sisi, stoo. Nilimwonea huruma mtoto na nilimwonea fahari mama yake, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinanivuta huku na huku. Angeweza kusema jamani nipeni nafasi kidogo, na nani angemlaumu? Lakini alijua akitoka, neno la poda litasimama milele.

Alitoa kidau, akakipoza, feni ikazimwa. Wakati wa kupima ndio ulionitisha zaidi, kwa sababu mizani ile haitaki mkono unaotetemeka, na mtoto alikuwa anapiga mayowe yake ya mwisho mwisho, yale ya kukata pumzi. Nikaona mkwe wangu akifumba macho, akashusha mabega, akayafungua. Mkono wake ukaingia kwenye kisanduku cha kioo ukiwa umetulia kabisa. Mbili na nusu, sawa na kiwanda. Akakirudisha kidau tanurini kwenye hewa. Kilipotoka, kilipopoa, mkuu aliweka miwani puani, akachungulia.

Unga mweupe, ule ule.

Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini asiyetaka kuona humletei mwanga. Bwana Viatu akakunja mikono. "Bado ni unga mweupe. Chumba hiki kimeshajaa poda, iko hewani, iko kwenye meza. Nani atathibitisha kwamba hii siyo?"

"Mimi," akasema mkwe wangu.

Akaja kwenye kijilango. Uso wake ulikuwa karibu nami kiasi cha kuweza kumgusa, na mtoto alipomwona alinyoosha mikono yote miwili. "Mama, naomba hiyo poda," akaniambia.

Nikampa kopo. Akalibeba kopo kwa koleo, jamani, kwa koleo, kama vile lina ugonjwa, akalikabidhi kwa dada wa maji na kumwomba anyunyize kidogo juu ya kigae cha kioo. Kwenye kigae cha pili akamwaga unga uliotoka kwenye kidau. Vyote viwili vilikuwa vyeupe, laini, huwezi kuvitofautisha hata ukilipwa. Akachukua kichupa cha asidi na mrija wake wa kudondoshea.

"Poda hii ni jiwe la talki lililosagwa," akasema. "Asidi haiifanyi kitu. Chokaa nayo haiwezi kunyamaza ikikutana na asidi. Tazameni."

Tone la kwanza likaangukia poda. Poda ikalowa, ikakaa kimya. Tone la pili likaangukia unga wa kidau, na pale pale ukafura povu, ukachemka kama soda iliyotikiswa. Hata mimi nilikiona kile kipovu kutoka stoo. Dada wa idara ya maji aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, mkuu akamvuta bega kwa upole asije akajidhuru.

"Mtoto wangu hapakwi chokaa," akasema mkwe wangu.

Mjukuu wangu naye alikuwa na mengi ya kusema. Bwana Viatu akaomba tone lingine liangushwe, likaangushwa, likafura. Nitampa haki yake: hakubisha tena. Alivuta pumzi ndefu, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni majora yote?"

"Sampuli zote mlizoleta. Rudisheni yote."

"Kiwandani waliishia hatua ya kwanza," akasema, kama mtu anayejieleza mwenyewe.

"Wengi huishia hapo," akamjibu, bila kumsimanga. Mimi ningemsimanga. Ndiyo maana mimi niliuza beseni na yeye yuko pale.

Dada wa maji alimshika mkwe wangu mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Hakumwambia asante, alimwambia, "Mama yangu anakaa bondeni." Basi, akamwachia.

Mkuu akaandaa jibu jipya, lile la mwisho lisilopingika tena, akaliweka juu ya meza ndefu ya chumba cha mikutano. Akatoa kalamu mfukoni mwake. Nilikuwa nimeshatoka stoo na mtoto, sikuvumilia tena. Niliona jinsi alivyoigeuza ile kalamu ili upande wa kushikia umwelekee mkwe wangu. "Saini ni yako," akasema. Bwana Viatu naye alikuwa amesimama tayari, funguo za gari mkononi, maana alitakiwa kuondoka na nakala siku hiyo hiyo aipeleke kwa wakubwa wake, na simu yake ilikuwa inaita na kuita.

Mkwe wangu alivua koti, akanawa mikono yake kwa sabuni bila haraka, akaikausha. Kisha akaja kwangu, si kwa kalamu. Akampokea mtoto.

"Nitasaini akishiba," akasema.

Siku zote alikuwa anajificha stoo, mlango umefungwa, akiomba radhi kwa kila dakika aliyoitumia. Safari hii alivuta kiti cha kichwa cha meza ile, akaketi, akajitanda mtandio wake, na kelele zote zikakatika mara moja. Ikabaki sauti ya mtoto anayemeza. Mkuu akavuta kiti, akaketi. Dada wa maji akaketi. Bwana Viatu akazima simu, akatafuta pa kukaa, akakaa. Nami nilisimama nyuma ya kiti cha mkwe wangu na sikutaka kukaa kabisa, magoti yangu yaniwie radhi, kwa sababu nilitaka kila mtu mle ndani aone huyu ni wa nani.

Mjukuu wangu hakuwa na haraka. Alinyonya, akapumzika, akachungulia chini ya mtandio kuwatazama wale wakubwa, akarudi kazini. Alipoachia, mkuu aliinua kalamu. Mkwe wangu alitikisa kichwa, akamgeuza mtoto, akamhamishia upande wa pili. Mkuu akaiweka kalamu mezani, wakaendelea kusubiri.